“Haieleweki”: Battle: Los Angeles kwenye mabanda ya Kigoma

Kaa kwenye benchi la banda la video pale Mwanga, Gungu au Ujiji siku inapowekwa filamu ya viumbe wa angani wanaoivamia dunia, kisha sikiliza watu wakitoka. Wapo watakaosifia mapigano. Wapo watakaouliza kwa nini maelieni hawashukii Afrika. Lakini wengi kuliko hao watasema neno moja tu: haieleweki.

Makala hii inahusu neno hilo. Tumeichukua Battle: Los Angeles ya mwaka 2011 kwa sababu ni mfano mzuri wa filamu inayohukumiwa hivyo, na kwa sababu ukiifungua kipande kwa kipande unagundua kwamba sehemu kubwa ya kutoeleweka kwake haimo ndani ya filamu. Imo kwenye projekta, kwenye spika na kwenye mdomo wa mtafsiri. Kasoro za filamu yenyewe zipo na tutazisema wazi. Ila haki ya filamu yoyote ni kuonekana na kusikika kwanza, ndipo ihukumiwe.

Kwa asiyeijua: imeongozwa na Jonathan Liebesman, mzaliwa wa Afrika Kusini, na ina urefu wa dakika 116. Stelingi ni Aaron Eckhart, anayecheza kama Michael Nantz, mwanajeshi wa Marine aliyekaribia kustaafu. Vitu vinavyodhaniwa kuwa vimondo vinaanguka baharini karibu na miji ya pwani, kisha majini humo wanatoka askari wa kigeni wakipiga risasi. Kikosi kidogo kinatumwa kutoka uwanja wa ndege wa Santa Monica kwenda kuwatoa raia waliokwama kituo cha polisi, na kinapewa saa tatu tu kabla ndege hazijaupiga mabomu mji mzima. Jina la filamu linakumbusha tukio la kweli: usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Februari 1942, askari wa Los Angeles walifyatua makombora zaidi ya 1,400 angani wakidhani ndege za Japani zimeingia, kumbe hapakuwa na ndege hata moja.

Wachambuzi wengi wa Marekani waliiponda. Marehemu Roger Ebert aliipa nusu nyota kati ya nne. Hata hivyo filamu iliyogharimu takriban dola milioni 70 iliingiza zaidi ya dola milioni 200 duniani, maana yake ni kwamba watazamaji waliona kitu ambacho wachambuzi hawakukiona au hawakukijali. Tunaamini kitu hicho ni maisha ya kikosi: nani anatoa amri, nani anamwamini nani, nani anabeba lawama ya waliokufa. Na hicho hasa ndicho kinachopotea banda likiwa bovu, kwa sababu milipuko itasikika hata kwenye spika iliyopasuka, lakini amri ya sajini haitasikika.

Giza

Lawama ya kwanza ni kwamba picha ni nyeusi mno. Filamu imepigwa kwa kamera inayotikisika, imejaa vumbi na moshi, na sehemu kubwa ya mwisho wake ni usiku na chini ya ardhi. Kwa hiyo inadai mwanga mwingi, na mabanda mengi hayana mwanga huo kwa sababu ya hesabu moja ambayo mwenye banda hakuifanya siku ya kununua projekta.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kiwango cha kumbi za sinema kinadai takriban lumeni 150 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga) kwa kila mita moja ya mraba ya skrini nyeupe ya kawaida. Picha yenye upana wa mita 3 katika umbo la televisheni ya sasa ina kimo cha mita 1.7 hivi, yaani mita za mraba 5, kwa hiyo unahitaji lumeni 750 za kweli. Neno “za kweli” ndilo lenye uzito. Projekta ndogo za bei nafuu huandikwa kwenye boksi lumeni 6,000 au 9,000, lakini ukitafuta kipimo cha ANSI, yaani kilichopimwa kwa kanuni rasmi, unakuta nyingi ziko kati ya 100 na 300. Chukua yenye 200: ukiitandaza hadi mita 3, kila mita ya mraba inapata lumeni 40, kama robo ya inayotakiwa. Ndiyo maana tukio la usiku linageuka ukuta wa kijivu wenye sauti. Projekta hiyo hiyo ukiibana hadi upana wa mita 1.5 inatoa picha safi kabisa. Watu wanapenda picha kubwa, tunajua, lakini kwa filamu hii picha ya mita 1.5 inayoonekana ni bora kuliko ya mita 3 ya kubahatisha.

Ukuta nao una lake. Paka rangi ya maji nyeupe isiyong'aa. Rangi ya mafuta inarudisha mwanga kama kioo na kuacha doa kali katikati ya picha. Zungushia kitambaa cheusi cha sentimita 10 pande zote nne, kisha angalia juu: bati jipya linarudisha mwanga wa picha kwenye ukuta ule ule na kuvifanya vivuli vipauke. Turubai jeusi chini ya bati, mita mbili za kwanza kutoka kwenye skrini, linaondoa sehemu kubwa ya tatizo. Na tundu la msumari kwenye bati, saa tisa mchana, ni tochi inayomulika skrini yako. Ziba kwa lami.

Kuna jambo la Kigoma peke yake. Tuko magharibi mwisho wa nchi lakini tunatumia saa ile ile ya Dar es Salaam, kwa hiyo jua letu huzama ziwani, nyuma ya milima ya Kongo, kama dakika 40 baada ya la Dar. Februari linazama hata baada ya saa moja na robo. Anayeonyesha kwenye ua au kwenye banda lenye mapengo akaiga ratiba ya Dar na kuanza saa moja kamili, anaiweka nusu saa ya mwanzo kwenye mwanga wa jioni. Na nusu saa hiyo, kwa filamu hii, ndiyo yenye utambulisho wa askari wote. Anza saa mbili kasorobo.

Wanaotumia televisheni wana shida nyingine. Televisheni nyingi zinatoka dukani zikiwa kwenye mtindo wa rangi kali, ambao unameza vivuli: askari aliyesimama mlangoni gizani hutamwona kabisa. Ingia kwenye menyu, chagua mtindo wa Movie au Cinema, zima ulainishaji wa mwendo, kisha pandisha mwanga wa nyuma hadi juu. Usiguse kitufe cha “brightness” ukidhani ndicho cha mwanga. Kwenye televisheni nyingi hicho kinainua weusi tu, na picha inakuwa kama imepakwa majivu. Ulainishaji wa mwendo nao unaharibu kwa namna yake. Filamu inakwenda picha 24 kwa sekunde, na televisheni inapobuni picha za katikati, kamera ya mkononi inaonekana inaelea badala ya kutikisika, na mtazamaji anapata kizunguzungu bila kujua kinatoka wapi. Kwa wanaolalamikia kizunguzungu kwenye projekta, dawa ni umbali: benchi la kwanza lisiwe karibu kuliko mara moja na nusu ya upana wa picha. Skrini ya mita 3, benchi la kwanza mita 4.5. Watoto wanaotandikiwa mkeka miguuni pa skrini ndio wanaotoka kichwa kikiwauma, tena filamu hii Marekani kwenyewe imewekewa alama ya tahadhari kwa walio chini ya miaka 13.

Halafu vile vipande vyeusi juu na chini. Filamu nyingi za mapigano ni pana kuliko televisheni. Kwenye televisheni ya inchi 55, yenye upana wa sentimita 122, picha inabaki na kimo cha sentimita 51, na juu na chini panabaki sentimita 9 hivi za weusi. Watazamaji wanadai wameibiwa, mwenye banda anabonyeza rimoti kuivuta ijae, na hapo ndipo wizi unapoanza: pande mbili zinakatwa, na askari anayepiga risasi pembeni hayupo tena. Waachie weusi wao.

Faili

Tuseme kwanza kwamba kuonyesha filamu kwa kiingilio kunahitaji kibali. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 na sheria ya hakimiliki ya 1999, inayosimamiwa na COSOTA, zote zinamhusu mwenye banda. Baada ya hapo, ubora wa nakala.

Vumbi, moshi, mvua na giza ndivyo vitu vigumu kuliko vyote kubana kwenye faili, kwa sababu kila chembe inabadilika kila sekunde. Filamu ya saa mbili iliyobanwa hadi megabaiti 700 ina megabiti 0.78 tu kwa sekunde. Mazungumzo ndani ya chumba yatavumilika, lakini barabara yenye moshi itakatika vipande vya mraba kama vigae. Gigabaiti 2 zinatoa megabiti 2.2, nafuu. Kwa skrini kubwa tafuta gigabaiti 4 au zaidi, na hapo flashi itakukwamisha: iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja linalofika gigabaiti 4. Ifomati kwa exFAT, lakini jaribu kwanza kama deki au televisheni yako inaisoma.

Picha ikitoka imepauka, nyuso za kijivu na anga la maziwa, usimlaumu mpiga picha. Mara nyingi hilo ni faili la HDR, yaani lenye mwanga na rangi pana kuliko kawaida, linalochezwa kwenye kifaa kisichoijua HDR. Tafuta nakala ya kawaida, au icheze kwa kompyuta yenye programu ya VLC ambayo inaweza kuzigeuza rangi.

Sauti

Hapa ndipo penye chimbuko la nusu ya “haieleweki” zote, na ndipo tungependa kila mwenye banda akae kwa muda.

Filamu za siku hizi zinakuja na mikondo sita ya sauti. Maongezi karibu yote yamewekwa kwenye mkondo wa katikati. Ukichukua waya mbili tu, kushoto na kulia, ukaziingiza kwenye amplifaya bila kukiambia kifaa kichanganye mikondo yote sita iwe miwili, unapata milipuko, muziki, helikopta na vioo vinavyovunjika, huku midomo ya askari ikicheza kimya. Au sauti zao zinatoka kwa mbali kama zinatoka kisimani. Mtazamaji hawezi kujua kwamba kuna waya uliokosa kazi. Anachojua ni kwamba amekaa karibu saa mbili na hakuambiwa kitu. Kwenye menyu ya sauti chagua Stereo au PCM badala ya mtindo wa kupitisha mikondo moja kwa moja. Ukiona kuna kipengele cha kubana tofauti ya sauti kubwa na ndogo, kwa kawaida huitwa Night au DRC, kiwashe. Kinapandisha mnong'ono na kushusha mlipuko, na kwenye banda la watu 60 wanaotafuna karanga hicho ndicho kinachookoa maongezi.

Ikiwa picha ipo na sauti haipo kabisa, sababu ya kawaida ni kwamba sauti ya faili ni ya aina ya DTS ambayo televisheni haiifungui. Lipitishe faili kwenye programu ya HandBrake ukabadilishe sauti iwe AAC ya mikondo miwili, fanya hivyo mchana, jaribu dakika kumi, ndipo uweke ubao nje.

Sabufa usiiweke kwenye kona. Kona ya tofali mbichi za saruji inaukuza mngurumo wa chini mpaka unafunika kila neno, na wengi wanaufurahia kwa dakika tano za mwanzo kisha wanachoka bila kujua kwa nini. Isogeze mita moja kutoka kila ukuta, ishushe mpaka uanze kuielewa sauti ya mtu anayenong'ona. Spika kubwa zikae kwenye kimo cha sikio la mtu aliyeketi, kama mita 1.2, zikielekea benchi la katikati. Ukuta wa nyuma utundike magunia au blanketi kuukuu, yawe na mikunjo, yasinyooshwe. Kofi moja litakupa kipimo: lipige banda likiwa tupu; ukisikia linakurudia kwa mlio wa “ngwee”, ongeza magunia.

Mvua ya Kigoma, kuanzia Novemba hadi Aprili, ikishuka kwenye bati hakuna spika ya banda itakayoishinda kwa heshima. Simamisha filamu. Watu watavumilia dakika 20 za kusubiri, hawatavumilia kukosa sababu ya kitu walicholipia kukiona. Na kama umeme wenu hukatika, weka UPS ndogo, yaani betri ya akiba, kwenye projekta ya taa. Inatosha ikibaki hai dakika mbili, kwa sababu feni lazima iendelee kuipoza taa baada ya kuzimwa. Taa iliyozimika ghafla ikiwa ya moto hufupisha maisha yake, na taa mpya ni karibu bei ya projekta kuukuu.

Mtafsiri

Sauti ikishasafika anabaki binadamu. Mtafsiri wa Kiswahili ndiye anayeishikilia filamu kwenye mabanda yetu, na akiwa mzuri anaipa uhai ambao waandishi wenyewe hawakuuota. Ila filamu za uvamizi zimemzoesha kwamba kazi ni kupiga kelele. Battle: Los Angeles inamwadhibu anayeamini hivyo, tena mapema. Inaanza ndani ya helikopta, katikati ya vita, kisha inarudi nyuma saa 24. Maandishi kwenye skrini ndiyo yanayosema hivyo. Yasiposomwa, mtazamaji anaona mji uliokuwa unaungua umepona ghafla, askari wanakimbia ufukweni, na mmoja yuko kwa muuza maua. Baada ya hapo yanakuja maandishi mengine, majina na vyeo vya askari. Yasome yote. Yataje kwa sauti ya kawaida, bila vichekesho, maana hakuna mahali pengine watazamaji watakapoambiwa nani ni nani.

Vyeo ndiyo fundo lenyewe. Nantz kwa Marekani ni Staff Sergeant. Kwa JWTZ tungemwita sajinitaji. Aliye juu yake ni luteni kijana aliyetoka mafunzoni juzi, mwenye mke mjamzito nyumbani. Sheria inasema luteni anaamuru na sajinitaji anatii. Uzoefu wote uko kwa sajinitaji. Na askari wanamtazama sajinitaji kwa shaka kwa sababu katika kazi iliyopita alirudi bila vijana wake, na ndugu wa mmoja wao yumo humu kikosini. Kila amri inayotolewa kwenye filamu hii inapita kwenye mvutano huo: luteni anaganda, sajinitaji anaona, anasema bila kumvunjia heshima mbele ya askari. Sasa mtafsiri anayewaita wote wawili “kamanda” amefuta hadithi nzima kwa neno moja. Baadaye luteni anapomkabidhi sajinitaji barua ya mkewe na kubaki nyuma, banda linaona mlipuko mwingine tu. Kigoma ina watu wengi waliopita JKT Bulombora na kwingineko, wanaojua tofauti ya luteni na sajini kwa kuiishi. Wape vyeo vyao na watawaeleza waliokaa jirani bila kuombwa.

Neno jingine ni “redio”. Ndege za wavamizi hazina rubani na zinafuata mawimbi ya mawasiliano ya askari. Mtu akiwasha kifaa chake, ndege inakuja. Nantz anaing'amua siri hiyo, anawasha redio makusudi karibu na kituo cha mafuta, na kuilipua ndege pamoja na petroli. Mtafsiri akisema “redio” tu, wengi wanawaza redio ya muziki na tukio linageuka bahati nasibu. Akisema “redio ya upepo”, hata mvuvi wa Kibirizi aliyeingia kwa kuchelewa anaelewa mara moja kilichofanyika na kwa nini ni akili.

Vivyo hivyo na ile kauli ya kikosi. Batalioni ya 2 ya rejimenti ya 5 ya Marine ina kaulimbiu iliyotoka kwenye mapigano ya Belleau Wood, Ufaransa, mwaka 1918, ambayo neno kwa neno ni “kurudi nyuma, jehanamu”. Ukiitafsiri hivyo, hakuna anayejua nani anakwenda jehanamu. Kiswahili kina neno lake tayari: “Kurudi nyuma? Thubutu!” Neno moja, na benchi zima linaitikia.

Kwa anayerekodi tafsiri: unapozungumza, shusha sauti ya filamu kwa desibeli 10 hadi 12, na ukinyamaza irudi yenyewe taratibu, isiruke. Usitangulie tukio; anayesema “hapa atakufa huyu” amewaibia watu mshtuko wao. Na anayetumia maandishi ya chini badala ya sauti aangalie kasi ya nakala yake: maandishi yaliyopangwa kwa picha 23.976 kwa sekunde, yakiwekwa kwenye nakala ya picha 25, yanachelewa kidogo kidogo, na mwisho wa filamu ya dakika 116 yanakuwa nyuma kwa karibu dakika tano.

Yaliyo ya filamu yenyewe

Rekebisha yote hayo na bado zitabaki lawama, na hizo ni halali.

Askari ni wengi mno. Wanatambulishwa kumi na kitu ndani ya dakika chache, wote wamevaa kofia ya chuma, na wengine wanakufa kabla hujakariri sura. Kuyasoma majina kunasaidia lakini hakumalizi tatizo. Kamera inatikisika hata pale ambapo hakuna kinachotokea, na huo ni uamuzi wa mwongozaji ambao hatuwezi kuutetea: mtikisiko wakati wa risasi unamweka mtazamaji mtaroni, mtikisiko wakati watu wamekaa wanaongea unamchosha bure.

Swali la kwa nini maelieni hawaji Afrika lina jibu kwenye filamu, ila limefichwa kwenye sauti za watangazaji wa habari ambazo mtafsiri mara nyingi huziruka. Wanashambulia miji mingi ya pwani duniani kwa sababu wanataka maji. Ndiyo nishati ya mitambo yao, na usawa wa bahari unaanza kushuka. Likishatafsiriwa hilo, Kigoma inazaa hoja bora kuliko wachambuzi wengi. Mtu aliyekulia kando ya ziwa lenye kina cha mita 1,470 na karibu kilomita za ujazo 18,900 za maji anauliza papo hapo: kama ni maji, mbona wapigane na Wamarekani? Na hoja inaweza kwenda mbali zaidi. Europa, mwezi wa sayari ya Mshtarii, unakadiriwa kuwa na maji chini ya barafu yake takriban mara mbili ya bahari zote za dunia, na hapana askari hata mmoja wa kuyalinda. Filamu inasisitiza kwamba ni maji ya kimiminika juu ya uso wa sayari ndiyo adimu, na hilo ni kweli. Lakini jeshi lenye uwezo wa kuvuka anga haliwezi kushindwa kuyeyusha barafu. Hapo mwandishi aliacha mlango wazi, na watazamaji wanaopita humo wana haki.

Lawama moja tunaikataa, ile ya kwamba maelieni wanakufa kirahisi. Mwanzoni hawafi. Askari wanamaliza risasi kwa adui mmoja, na ndipo wanapomburuta majeruhi wao ndani ya kituo cha polisi na kumfungua kifua, wakisaidiwa na raia ambaye ni daktari wa mifugo, kutafuta mahali panapoua. Wanapapata upande wa kulia wa pale ulipo moyo wa mtu. Kuanzia hapo wanalenga hapo. Ni tukio lenye ute na kelele, wengi hugeuza uso, na mtafsiri naye huona hapana cha kusema. Pana cha kusema: wapi pa kupiga. Asipolitaja, nusu ya pili ya filamu inaonekana kana kwamba adui amedhoofika ghafla bila sababu.

Pa kulipima banda lako ni karibu na mwisho, kambi ikiwa imeteketea na kikosi kimebaki watu wachache. Yule askari mwenye ndugu aliyekufa anamrushia Nantz lawama usoni. Nantz hajitetei. Anaanza kutaja majina ya vijana wake waliokufa, mmoja mmoja, kwa cheo na namba ya jeshi, namba ndefu alizozikariri, na la mwisho ni la ndugu wa anayemlaumu. Mtafsiri ataje majina na vyeo, namba aziache zisikike kwa sauti ya Eckhart mwenyewe, asiongeze neno. Sabufa iwe chini, mlango wa banda ufungwe, na muuza karanga asubiri nje mpaka Nantz amalize jina la mwisho.